Laini ya Mbeya Haikuwa na Kosa

Mlandege, Iringa
Ijumaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Kaa kwanza ndipo uisome barua hii, maana ni ndefu na ina hasira. Mwili wangu mzima, na kile kikohozi cha wakati wa baridi kimeisha. Je, goti lako? Na baba bado anagombana na jirani yetu hapo Mbalizi juu ya mpaka wa shamba? Namwomba Mungu awe nanyi nyote.

Najua umesikia kwamba nilikaribia kufukuzwa kazi. Umesikia nusu. Leo nakueleza yote.

Unakumbuka hii ofisi ya tumbaku ilinichukua kuwa opereta wa simu kwa majaribio ya miezi mitatu. Malori yakifika kutoka Chunya hayashushwi mpaka tujue namba ya kadi ya kila mkulima, na kadi zote zimo kabatini katika ofisi yetu ya Mbeya. Anayezitunza ni mzee mmoja, Bwana Mwasulama. Basi kila asubuhi napiga Mbeya, opereta wa kule anapokea, namtajia jina la mzee, anatoka hadi ukumbini kumwita kwa sauti, mzee anakuja kunisomea namba.

Aliyenifundisha ni Bwana Kihwele, Mhehe wa hapa hapa, miaka minane kwenye ubao wa simu. Kazi anaijua, simnyimi haki yake. Lakini ukimwuliza swali anakujibu, "Fanya kama nilivyokufundisha," kisha anawageukia wenzake, "Hawa watu wa ndizi, vichwa laini." Ungekuwa utani wa Wahehe na sisi Wanyakyusa, ningemrudishia habari zao za kula mbwa tukacheka. Hakuwa anatania.

Mwezi wa pili simu ikaanza kukatika. Napiga, Mbeya wanaitika, namtaja mzee, kra! Kimya. Siku ya kwanza malori mawili yalilala na mzigo. Siku ya tatu mvua ikanyesha juu ya marobota na maturubai yakavuja. Nilimwomba Kihwele apige yeye, mara moja tu. Akakataa. Akasema mbele ya ofisi nzima, "Miaka minane laini hii haijanikatikia. Kosa si laini, kosa ni huyu." Akamwandikia meneja kwamba sifai, na kwamba nimeharibu waya kwa kuuvuta ovyo. Mama, sikuharibu waya wowote. Nilikwenda kulia chooni, na humo humo nikaapa kwamba mtu yule atakuja kuniomba.

Nikaanza kutafuta ubovu mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Nikabadilisha waya, ikakatika. Fundi akaniwekea betri mpya, ikakatika. Nikapiga mapema, nikapiga mchana, ikakatika. Basi nikabadilisha mtu. Nikaomba stoo ya mbegu, nikaunganishwa, tukaongea mpaka nikakosa la kusema. Nikaomba dereva wa zamu, nikaunganishwa. Nikamtaja Bwana Mwasulama, kra! Ndipo nikajua anayekata ni mtu, si waya.

Nikapiga tena bila kutaja jina. Nikamwambia opereta wa Mbeya kwa Kinyakyusa kwamba mimi ni binti wa kwao, nafukuzwa kazi, anihurumie. Anaitwa Tusajigwe. Akashusha sauti.

"Dada, usinitajie jina lile. Nimeolewa juzi juzi tu."

"Ni la baba mkwe?"

"Ndilo lake. Nitalipazaje ukumbini, na ndugu wa mume wangu wanapita pale? Nikisema siwezi, ofisi watanicheka na kuniachisha. Nikaona heri nikate, niseme laini mbovu."

Sina haja ya kukueleza mila hiyo wewe, uliyekuwa ukiingia migombani ukimwona babu, mkweo, anakuja, na mpaka tunamzika hukuwahi kulitamka jina lake. Sikumlaumu. Tukapatana nitakuwa naomba "mzee wa kadi" kwa Kinyakyusa, naye ataita hivyo hivyo, kama alivyoombwa. Akanishukuru, "Ndaga, dada," mara tatu.

Ningeweza kumwambia Kihwele siku ile ile kistaarabu. Sikumwambia.

Kesho yake meneja akaja na barua yangu ya kuachishwa mkononi. Nikasema, "Ndugu Meneja, naomba nipige mara moja mbele yako." Nikapiga, nikasema maneno yangu mawili matatu, mzee akaja, namba zikasomwa zote. Kihwele macho yalimtoka. "Umefanyaje?" Nikamjibu, "Nimefanya kama ulivyonifundisha."

Kisha nikaomba kwa adabu zote kwamba Bwana Kihwele naye apige, nijifunze kwa mkubwa. Akaketi, akaweka shati sawa, akaomba Bwana Mwasulama. Kra! Akarudia. Kra! Mara ya tatu jasho lilikuwa linamdondoka. Mpiga chapa akasema kutoka mlangoni, "Kumbe kosa si laini!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Meneja akaichana ile barua. Nimethibitishwa kazini, mama.

Kihwele akadhani siri ni lugha. Akajifunza salamu zetu, akamwamkia Tusajigwe "Ugonile" vizuri kabisa, halafu akataja jina. Kra! Juma lililopita alikuja hapa ninapopanga na kuku mzima mkononi, akaniamkia kwa Kihehe. "Kamwene, dada. Nilikukosea mbele za watu. Niambie tu, nakosea wapi?" Nilipokea kuku, nikamwambia laini ya Mbeya ina tabia yake. Kuku tumemla.

Sasa meneja anasema Kihwele amechoka, aende akalinde stoo ya Chunya huko kwenye vumbi. Watoto wake watano wanasoma hapa mjini. Wenzangu wanamwonea huruma. Mimi najiambia nanyamaza ili Tusajigwe asiaibike, na ni kweli asiaibike. Lakini wewe sikudanganyi: hata Tusajigwe angehama kesho, nisingemwambia Kihwele neno. Ile siku ya chooni bado ninayo kifuani.

Nisalimie baba, mwambie shikamoo yake nimeituma nzima. Msalimie shangazi Anyitike aliyenilea, kaka Ambakisye na mkewe, na mama mchungaji aliyeniandikia barua ya kuombea kazi. Mdogo wangu Subilaga mwambie asome kwa bidii.

Najua utakachonijibu. Utaniambia nimsamehe, nimweleze, kabla hajaondoka na watoto hawajabaki bila baba yao. Na mimi wewe sijawahi kukukatalia. Ndiyo maana sikukuandikia tangu mwanzo wa juma, nimesubiri mpaka leo. Barua hii itakufikia katikati ya juma lijalo. Lori la Chunya linaondoka Jumatatu asubuhi.

Mwanao akupendaye,
Atupele