Ndama Sita wa Elinipendo

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi miaka mingi kuliko kaka zangu wawili, kuliko mke wangu Aikaeli, kuliko mashine ya kumenya kahawa ya pale chama cha ushirika, na kuliko daktari aliyeniambia sukari itanimaliza — yeye nilimzika mimi, koleo nilishika. Na leo nimeshinda tena.

Kipimo cha sukari kilizima asubuhi. Betri! Ile bapa kama sarafu. Mjukuu wangu Elinipendo alikuwa ameshuka Moshi mjini darasani. Nimngoje? Mimi siyo mtu wa kungoja. Nikakumbuka siku aliyopuliza vumbi ndani ya kompyuta yake, niliona betri kama hiyo hiyo. Kompyuta inakula umeme wa ukutani, betri ya nini? Nikachomoa waya kwanza, siyo mjinga. Bisibisi. Nikaitoa. Ile iliyokufa nikaipachika pale pale, nafasi isibaki wazi. Kipimo kikawaka — sukari saba nukta nne. Mtu aliyeishia darasa la nne, Kirua yetu nzima, nani mwingine angeweza?

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani, mvua. Nikamwambia mzee Eliudi nimefungua kompyuta na kuifunga, wala hakuna skrubu iliyobaki mkononi. Akasema ninaota.

Elinipendo karudi mchana, kachoka. Nilitaka kujisifu kwake pia. Nikamwacha alale kwanza.

Jumatatu, 15 Aprili

Mambo siyo mazuri. Niandike nilivyoelezwa.

Kompyuta ya Elinipendo kwa nje ni moja. Kwa ndani kajenga nyingine sita, zisizo na bati wala waya, zinaishi humo humo. Kwa Kiingereza chake anaziita vachuo mashine. Mimi naziita ndama — ng'ombe mmoja, ndama sita tumboni. Ndiyo mtihani wake wa mwisho. Alhamisi saa nne walimu walioko Dar watawaangalia hao ndama kwa mtandao. Kazi ya miezi minne. Wasipoamka anarudia mwaka mzima.

Leo ng'ombe kaamka. Kalalamika kidogo kwamba saa yake imepotea, Elinipendo kairekebisha. Lakini ndama — hata mmoja! Anabonyeza, yanakuja maandishi mekundu. Anazima, anawasha. Mara ishirini nimehesabu. Kiburu nilichompikia, ndizi na maharage, kimepoa mezani.

Nikamwambia zamani mashine ikikataa tulikuwa tunaipiga kofi.

“Babu, tafadhali usiipige,” kasema. Hata hakugeuka.

Jumanne, 16 Aprili

Kampigia simu mwenzake Evelyn. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, nikasikia yote, kaweka simu kwa sauti kubwa. Evelyn kauliza kama ameongeza programu. Hapana. Kuna kitu kimetolewa? Hapana. Kuna mtu kaigusa?

“Nani aiguse? Tuko mimi na Babu tu, na Babu haigusi.”

Maziwa yalimwagika kidogo. Nikasema ni paka.

Wameamua sehemu ya kutunzia kazi ndiyo inayokufa. Kesho atafuta kila kitu, aanze upya, ajenge ndama sita kwa siku moja. Kaanza kuandika kwenye karatasi yale anayoyakumbuka. Halafu kaweka kalamu chini.

“Labda ni mimi, Babu. Labda kichwa changu hakitoshi.”

Kichwa chake ni cha Aikaeli! Katika nyumba hii hajawahi mtu kusema hivyo kuhusu kichwa hicho.

Nikatoka nikakaa na ng'ombe, yule wa kweli. Nikafikiri. Saa yake imepotea. Imepotea tangu lini? Tangu Jumamosi, nilipochomoa betri.

Nikateremka na mvua hiyo hadi dukani kwa Filemon, ninunue betri nyingine, niipachike kimya kimya. Filemon kasema, “Meku, mzee wangu, hizo mpaka mjini.” Nikapanda tena na matope yangu.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi kasema akimaliza chai anafuta.

Nikachukua panga nikaenda kaburini kwa Aikaeli, masale, yale majani ya kuombea msamaha, yamestawi pale kweli kweli. Maisha yangu nimeletewa isale mara saba. Watu wazima, na heshima zao, wameniomba radhi, na nikasamehe, kwa sababu isale halikataliwi. Kupeleka mimi — hata mara moja. Aikaeli alistahili moja, mwaka ule niliouza ng'ombe wake bila kumwambia. Nikakata jani. Nikamwambia, la kwako bado, najua.

Nikaingia nalo kwa mikono miwili.

Kashtuka. “Babu, umemkosea nani?”

“Wewe.”

Nikasema yote. Bisibisi, betri, na ile mbovu niliyoficha pale. Chai yake ikapoa. Nilidhani atauliza kuhusu kompyuta.

“Kwa nini hukuniambia kipimo kimezima?”

Nikamnyooshea jani. Mimi!

Kalipokea jani. Kanieleza taratibu: betri ile ndiyo inayoitunzia kompyuta maagizo. Ilipokosa, ikasahau yote, pamoja na ruhusa aliyoipa ya kubeba ndama. Ndama hawajafa. Mama yao kasahau tu. Nikatoa kipimo, nikamwambia achukue betri yake.

“Hiyo inakaa kwako. Umeme ukikatika nitaikumbusha mwenyewe.”

Nikadhani sasa atabonyeza. Kasema, “Lete kidole.” Kanipima kwanza. Saba nukta tisa. Ndipo kaingia kwenye ukurasa wa bluu, ule unaokuja kabla kompyuta haijaamka vizuri, karudisha ruhusa.

Naandika nikiwa kwenye kigoda karibu naye. Isale kaliweka juu ya kompyuta. Hajasema amesamehe. Hajasema hajasamehe. Mvua inapiga bati, taa imefifia mara moja ikarudi. Ndama wa kwanza kaamka. Wa pili kaamka. Wa tatu kiduara kinazunguka, kinazunguka, na mkono wake mmoja umeshika mkono wa koti langu, nafikiri hajui.

Kama kuna asiyeamini: Filemon aliniona na matope. Eliudi alinisikia nikijisifu. Aikaeli anajua jani limekatwa wapi. Yaliyobaki aulizwe Elinipendo, ila siyo sasa hivi, ana kazi.