Mtandao Wako Bado Uko Hewani

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu nyingi, na nyuma ya salamu hizo pokea swali ambalo mama ameniamuru niliandike kabla ya jambo jingine lolote: unakula? Amenikataza kukuuliza kama u mzima, kwa sababu tangu utoto wako ukiulizwa hivyo unajibu mzima hata ukiwa na homa ya kuchemsha maji. Basi jibu kuhusu chakula, afya tutaikisia wenyewe. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua akipanda ngazi, naye anazilaani ngazi kila hatua, kwa hiyo wametoshana. Mimi macho yamepungua nguvu. Mdomo, kama unavyojua, bado uko imara.

Utashangaa dada yako, aliyekula na kulala kwa mawimbi ya mitandao maisha yake yote, kukuandikia kwa kalamu na karatasi. Simu zangu hupokei, na kila ujumbe ninaokutumia hunionyesha kwamba umeusoma, kisha kimya. Karatasi ina adabu zaidi. Haitaniambia kama umeisoma au umeiweka chini ya kikombe, nami nitaweza kujifariji nipendavyo. Nimeikabidhi kwa dereva wa lori la ghala, yule mcheshi mwenye pengo, ambaye hupakua mizigo kwenye kampuni unakofanya kazi. Ameapa kuitia mkononi mwako yeye mwenyewe.

Nimetaja ghala, na ninakuona umekunja uso. Kunja uso, usikunje karatasi. Nisikilize kwanza.

Sijasahau yaliyotokea. Kazi ya kufunga waifai katika ghala lile la vinywaji ndiyo ya kwanza uliyoipanga peke yako. Ulilipima likiwa jipya, tupu, linanukia rangi, na mawimbi yakafika kila kona kama sauti kanisani. Kisha yakaja makreti ya soda na maji, yakapangwa mpaka karibu na dari, mtandao ukafa katikati ya rafu. Maji hunywa mawimbi kama mchanga unavyokunywa mvua, na hakuna darasa linalomfundisha mtu jambo hilo vizuri kuliko aibu. Mwenye ghala, Mzee Haraka, akakuita Fundi wa Ghala Tupu mbele ya wapakiaji, na jina likakuganda. Hata kinyozi wako akakuuliza kama kichwa akinyoe hivyo hivyo kikiwa kitupu au angoje kijae. Tuliirekebisha kazi ile, lakini jina halikurekebishika. Muda si mrefu ukapata kazi mbali. Ilikuwa kazi nzuri, sipingi. Ila kituoni uliniambia kwamba utarudi watu wakiacha kucheka, na tangu siku ile nimekuwa nikikisikiliza kicheko cha mji huu kama mtu aliyejikinga barazani mwa watu, anangoja mvua ikatike.

Sasa habari yenyewe. Mzee Haraka alinipigia majuzi, na kwa kawaida yake alitaka kazi iwe imekwisha kabla hajamaliza kuieleza. Alisema makreti yanapungua na kompyuta inasema hayajapungua, kwa sababu kwa hesabu yake hayakuwapo. Nikamwambia anywe maji kwanza. Akasema maji ndiyo yanayoibwa.

Nilikwenda na laptopu yangu mikononi, nikatembea katikati ya rafu taratibu, nikipima nguvu ya mawimbi kila nilipofika. Wapakiaji walikuwa wakipishana nami na kunitania kwamba bibi amepotelewa na nini humu ndani. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwamba naibeba laptopu kama mtoto anayetaka kubembelezwa alale. Juu ya nguzo, chini ya vumbi, bado ipo misalaba yako ya utepe mweupe, uliyoiweka kuonyesha pa kufunga antena. Nilisimama chini ya mmoja nikasahau kupima. Mpakiaji mmoja akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikasema ndiyo.

Tatizo halikuwa mawimbi. Nenosiri la waifai ya wafanyakazi lilikuwa limeandikwa ukutani kwa kalamu nene, juu ya pipa la maji ya kunywa, ili mtu akipoza koo apoze na simu. Ghala zima walilijua, na madereva wa kampuni nyingine, na muuza magazeti wa nje. Alilijua pia mtunza stoo aliyefukuzwa mwaka jana. Alikuwa akiegesha gari nyuma ya ukuta, mawimbi yanamfikia pale pale kitini, anaingia kwenye hesabu za ghala na kupunguza makreti. Kisha rafiki zake wa ndani wanatoa yale ambayo kompyuta imeshasema hayapo. Wizi bila kuvunja hata komeo.

Nilimweleza Mzee Haraka kwamba mtandao wa biashara ni kama nyumba. Mgeni anakaribishwa sebuleni, anapewa kiti na kinywaji, lakini haingii chumbani kwako kujitafutia shuka. Kwa hiyo wageni wawe na mtandao wao usiogusa kitu, vimashine vya kusoma lebo za mizigo viwe na wao, wafanyakazi wawe na wao, na kila mfanyakazi awe na nenosiri lake mwenyewe ili akiondoka liondoke naye. Akaniambia nimekuwa nikieleza tangu asubuhi, na kama ningekuwa nafunga ningekuwa nimemaliza. Ungefurahi kumsikia. Ungesema umepata shahidi.

Lakini hili ndilo nililotaka ulijue. Yule mwizi alijaribu pia mashine za malipo, na kule aligonga mwamba. Mzee Haraka akaniuliza ni nani aliyezitenga zile mashine, maana hakumbuki kuagiza kitu kama hicho. Nikamwambia ni Fundi wa Ghala Tupu. Ulizitenga tangu siku ya kwanza bila kuombwa, ukazipa mtandao wao na funguo zao, kwa sababu ulisema mahali pesa inapopita hapapitwi na soda. Yule mzee, ambaye hajakaa kitako tangu azaliwe, alivuta kreti akakaa. Kisha akaniambia nikufikishie maneno yake kama alivyoyasema: kwamba alikucheka kwa kosa la wiki moja, na kazi yako imemlinda miaka yote hii. Ana maghala mengine mawili yanayomaliziwa. Akasema ukitaka kuja kuyapima uje, na safari hii ameapa kuyajaza kwanza ndipo akuite.

Alisema hayo mbele ya wapakiaji wale wale, na hakuna aliyecheka. Nilisikiliza sana, mdogo wangu.

Kazi ilipokwisha, nilikutana na wafanyakazi wote kuwaeleza taratibu mpya. Niliwaambia wasiandike nenosiri ukutani, wala kwenye kiganja, wala kumnong'onezea mchumba. Niliwasisitizia hasa jambo moja: mtandao wa zamani usiotumika uzimwe. Unakuwa kama mlango wa uani ambao wenye nyumba wameusahau. Kitasa kinaota kutu, hakuna anayekitazama, na siku mgeni asiyetakiwa akija ataingia kwa huo. Karani mmoja, msichana mwenye miwani mikubwa kuliko uso, akaniuliza kwa heshima zote kama nyumbani kwangu nami nimezima wa zamani. Wenzake wakamwambia mama hawezi kuulizwa hivyo. Nami, mwenye jibu la kila kitu, nikatafuta miwani yangu kwenye mkoba ilhali nilikuwa nimeivaa.

Sikuwa nimeuzima wako. Ile ruta, kifaa chako cha kurushia waifai, uliyoifunga ukutani sebuleni, karibu na saa, ilikuwa bado inafanya kazi. Mtandao wako ulikuwa bado uko hewani kwa jina ulilolichagua, Nunua Yako, uliloliweka jirani wa juu alipochoka kuomba akaanza kudai. Nenosiri lake hukumwambia mtu, hata mimi. Sisi tunatumia kifaa kingine, kipya, salama. Chako ni cha kizamani, ulinzi wake umepitwa na wakati, na ningekikuta kwa mteja ningekizima kabla ya kuvua viatu. Lakini simu haisahau mtandao iliowahi kuujua. Ikifika karibu inaingia yenyewe bila kubisha. Nilitaka siku utakayofika, kabla hujasema hodi, simu yako iwe imekwisha karibishwa.

Mama anajua habari za kile kifaa. Nilimweleza zamani kwamba taa yake ni ya kijani pakiwa hakuna mtu mtandaoni, na simu ya mtu ikiingia inageuka buluu. Akageuza kiti chake kikatazamana na ukuta. Wageni walikuwa wakidhani anatazama saa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka tangu mwanzo wa barua, na wewe unanijua, umeshaona kwamba ninazunguka.

Ilikuwa Jumapili moja alasiri, mvua imetoka kunyesha. Mama alikuwa akipinda shuka, mimi nasoma. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba uzi, kwamba mwanawe yuko getini. Nikainua macho. Taa ilikuwa buluu.

Mtu mwingine angetoka mbio. Mimi, mdogo wangu, nilianza kueleza. Nilimwambia mama asiupe moyo tamaa, kwamba vifaa vya zamani hupata kasoro, kwamba umeme ulikuwa umekatika asubuhi. Akasema nifungue mlango. Nikamwambia angoje nimweleze. Nikamfafanulia jinsi kifaa kinavyoitangaza Nunua Yako hewani, jinsi simu inavyoisikia na kuomba kuingia, jinsi vinavyoulizana nenosiri bila kulitamka kwa sauti ili mpita njia asilisikie, na kwamba taa haiwezi kugeuka buluu mpaka simu iwe na nenosiri lile lile, na nenosiri lile hakuna mtu alijuaye duniani isipokuwa...

Hapo nikatupa kitabu nikatafuta ndala. Nilikuwa nimemthibitishia mama kwa hoja zote za kitaalamu kwamba ulikuwa getini. Mama alikuwa amekwisha simama, ameshika kiti, magoti yanamkatalia. Nilipoifikia ndala moja na kukosa ya pili, taa ikarudi kijani.

Getini hapakuwa na mtu. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliniambia alikuwapo mwanamume mwenye begi la mgongoni, amesimama chini ya ukingo wa ukuta kama anayejikinga mvua iliyokwishakatika. Mara mbili alinyoosha mkono kwenye kengele akaurudisha. Kisha simu yake ikalia kidogo, akaitazama, akatabasamu peke yake, akajifuta uso kwa kiganja. Alingoja, akaitazama nyumba, halafu akaondoka kuelekea kituoni. Nikamuuliza fundi kwa nini hakumwita. Akaniambia alidhani nakuja, maana sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka ng'ambo.

Kwa hiyo uliisikia. Ulisimama pale ukanisikia nikieleza, na pengine ukafikiri ndani kuna wageni, au kwamba dada yako angali anawaeleza watu habari za ghala tupu. Nilikuwa nakueleza wewe. Kila neno lilikuwa wewe.

Ulinipa jina la Mhadhara ukiwa bado hujajua kufunga kamba za viatu, na ulikuwa ukisema kwamba nikianza kueleza, chai hupoa, huchemshwa, na hupoa tena. Sikuwahi kukasirika. Siku ile tu ndiyo jina liliniuma.

Jana niliizima Nunua Yako. Usihuzunike. Kwa sehemu ni kwa ajili ya yule karani na miwani yake, maana siwezi kuhubiri nisichokifanya. Ila sababu kubwa ni kwamba sitaki tena uingie na simu peke yake, mwili ubaki nje kwenye unyevu. Nilidhani nimekuachia mlango wazi, kumbe nimekuachia tundu la kuchungulia. Sasa hakuna njia isipokuwa kengele. Nimeijaribu, inalia hata jikoni. Nimemwahidi mama kwamba ikilia nitafungua kwanza, na maelezo yatafuata, na yeye ameniambia yasifuate.

Nilipochomoa waya alinitazama. Nikamsikia anaburuta kiti. Amekigeuza kutoka ukutani, amekiweka dirishani, kinatazamana na geti.

Utahitaji nenosiri la mtandao mpya. Siliandiki hapa, umelelewa na mimi, unajua kwamba mambo hayo hayaandikwi kwenye barua. Nitakupa kwa mdomo, mezani, chai ikiwa bado ya moto.

Dereva wa lori atanisalimia akirudi, nami sitamuuliza uso wako ulikuwaje uliposoma. Nitajaribu nisimuulize. Wasalimie wote unaoishi nao na uwashukuru kwa kukutunza badala yetu. Mama anakusalimu, anakukumbusha kuvaa kitu kizito mvua zikianza, na anasema sweta yako ya kijivu ameishona kiwiko.

Wako akupendaye, na leo amejitahidi kufupisha,

Dada yako,
Mhadhara