Ngozi Imekauka, Nizidishe Mafuta ya Papa?

Bi Saada, mshauri wetu, assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumuuliza bila ya kuchekwa, na unisamehe kama maneno yatakuwa mengi, nimeyaweka moyoni muda mrefu na sasa yananitoka yote pamoja.

Mimi ni mke wa mtu, kwetu Mtambile, nimeolewa mwezi wa Mfungo Mosi uliopita na kijana wa Fundo anayeitwa Haitham, mvuvi, na tunaishi huku kwao kisiwani nyumba moja na mama yake. Tangu niko skuli uso wangu una chunusi, si za kutisha lakini zipo, mashavuni na kidevuni, na siku niliyowekwa ndani kungojea harusi somo yangu, Bi Tatu, anayenifunda, alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua boga sokoni, akasema, "Mafuta unayokula ndiyo haya yanakutokea usoni. Tangu leo hakuna tui, hakuna samaki wa mafuta, hakuna karanga." Nikatii, maana nani anabishana na somo yake, nikawa nakula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, wali mkavu, chai ya rangi yenye sukari nyingi, biskuti na juisi za pakiti walizokuja nazo wageni, na kipande cha halua kila jioni kwa sababu halua Bi Tatu alisema ni chakula cha harusi, haina neno, na yeye mwenyewe alikuwa anakaa tunakula pamoja.

Harusi ikapita, chunusi hazikuondoka, na mimi nikaona basi labda sijajinyima vya kutosha, nikaendelea na ule ule muhogo hata hapa kwa mume, na ndipo ngozi ilipoanza kukauka, kwanza miguu, kisha mikono, kisha uso, ikawa nikijikuna natoa unga mweupe na nikijipaka mafuta yanapotea kama maji niliyoyamwaga mchangani. Haitham akaanza mzaha, na siku moja mbele ya mama yake na majirani akasema, "Ngozi ya papa nnayo kazini, na nyumbani nimepewa nyengine." Watu wakacheka na mimi nikacheka, Bi Saada, nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda jikoni.

Aliyenionea huruma ni mavyaa wangu, mama yake Haitham, Bi Mwanapili. Hapa kwao ini la papa halitupwi, huyeyushwa yakatoka mafuta ambayo wenyewe wanayaita sifa, wakapaka ngalawa ili mbao zisipasuke wala zisiliwe na wadudu, na yeye akanijia na chupa akaniambia, "Mwanangu, haya yanatuliza ubao unaokaa juani mwaka mzima, yatashindwa na weye? Kunywa." Nikayanywa, harufu yake siwezi kukusimulia, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na nilipovuka kwenda Wete nikaingia duka la dawa la Bwana Msellem, naye akaniambia ngozi kavu ni upungufu wa vitamini A, akanipa kopo la vidonge, nikawa nachanganya vyote viwili ili nipone upesi.

Lakini kadiri ninavyozidisha ndivyo ninavyozidi kukauka. Midomo imepasuka hata nikipiga miayo inatoka damu, nywele nikichana zinabaki kwenye kitana, kichwa kinaniuma karibu kila siku, na nikiinuka asubuhi natapika, mavyaa anasema ni harufu ya sifa na nitaizoea. Haitham sasa ananipa mgongo, na wifi yangu amenidokeza kuwa anatajiwa binti wa Pujini mwenye uso laini kama yai, na mimi naona nimekaukiwa mpaka ndani, maana hata siku zangu mwezi huu sijaziona na nadhani na mwezi uliopita, mwili umekwisha maji. Ndiyo nakuuliza, nizidishe mafuta kwa kiasi gani, au nizidishe vidonge, na je, nikirudi kula tui na samaki chunusi hazitanizidia nikakosa yote mawili? Nijibu haraka, kabla mume wangu hajaposa.

Niliyekaukiwa, Fundo

*

Mwanangu Uliyekaukiwa,

Wa alaykumu ssalaam. Umeniuliza uzidishe kwa kiasi gani. Hata tone. Weka chini ile chupa, weka chini na lile kopo, sasa hivi, kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Nakungoja.

Umeviweka? Sasa tusemezane.

Umeniandikia barua nzima juu ya uso wako, na ndani yake, baina ya binti wa Pujini na kipimo cha mafuta, umepitisha kijisentensi kwamba hujaona siku zako mwezi huu na "unadhani" na uliopita. Unadhani. Mzaha wa Haitham unaukumbuka neno kwa neno na nani alikuwepo, lakini siku zako unadhani. Mwanamke aliyeolewa Mfungo Mosi, anayetapika asubuhi na asiyeona siku zake, hakukaukiwa ndani. Huenda ana mimba. Na yote mliyokuwa mkiyapigania hapo, wewe, somo yako, mavyaa wako na mwenye duka, yalikuwa mashavu.

Inawezekana si mimba. Mwili unaolishwa muhogo na sukari miezi yote hiyo nao huweza kufunga siku, na hayo unayoyanywa nayo hutapisha. Kipimo kitasema. Mpaka kiseme, utaishi kama mtu mwenye mimba, na sasa nitakwambia kwa nini nimekasirika.

Vitamini A si kama ile ya machungwa, ambayo ikizidi unaikojoa yakaisha. Hii inayozidi mwili huiweka akiba kwenye ini. Papa amekula samaki maisha yake yote akaiweka kwenye ini lake, mavyaa wako akaiyeyusha, wewe ukainywa, na juu yake ukameza vidonge vya Msellem. Ni kweli ikipungua ngozi hukauka, hapo Msellem hakusema uongo. Lakini ikizidi ngozi hukauka vile vile, midomo ikapasuka, nywele zikang'oka, kichwa kikauma, mtu akatapika. Isome tena barua yako. Umenitajia dalili za kuzidi kama mtu aliyefundishwa kuzitaja, kisha ukaniomba ruhusa ya kuongeza.

Na kwa mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo anapoumbwa, vitamini hiyo ikizidi inaweza kumharibu viungo. Sikwambii ili ulale ulie. Wako wanawake walioimeza bila ya kujua na wakazaa watoto wazima. Lakini umeinywa kiasi gani sijui, wewe hujui, na chupa ya Bi Mwanapili haikuandikwa kitu. Nisilolijua siwezi kukwambia halina neno.

Tuje kwa Bi Tatu. Hakuna bomba linalotoka tumboni likamwaga mchuzi shavuni. Mafuta ya usoni ngozi huyatengeneza yenyewe kwa amri ya homoni, ndiyo maana chunusi zinakuja na balehe. Kama kuna chakula ambacho wataalamu wanakishuku kuzizidisha, cha mwanzo ni sukari na vitu vinavyogeuka sukari haraka: biskuti, juisi za pakiti, chai tamu, wali mtupu. Yaani karamu yote aliyokuandalia. Maziwa nayo yanashukiwa kwa baadhi ya watu, juu ya hilo bado wanabishana. Na halua, mwanangu, ulidhani inakorogwa kwa maji? Ni sukari na samli. Kakukataza tui, kisha mkakaa kila jioni mkala samli, na hakuna aliyejiuliza.

Ngozi inajengwa kwa mafuta. Ndiyo yanayozuia unyevu usitoke, na yale bora kwa kazi hiyo yamo kwenye samaki, karanga na ufuta. Mboga nazo zina vitamini zisizoingia mwilini sawasawa bila ya mafuta ya kuzibeba, na tui kwenye mchicha linafanya kazi hiyo kabla ya kuleta ladha. Ulipoyakata yote ngozi ikapasuka, kisha ukaja kuzibwa nyufa kwa kitu kinachopasua zaidi.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Kisiwa hiki huwezi kunyoosha mkono bila ya kugusa mnazi, na tumemnyima bibi harusi tui. Samaki aliyenona anawekwa kwenye sahani ya nani? Nani alimshika Haitham kidevu akamgeuza huku na huku? Mwanamme anaingia kwenye ndoa na ngozi aliyonayo, magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi, na harusi inakwenda. Mwanamke anasuguliwa ngozi kwa singo la manukato, anafungiwa chakula, ananyweshwa mafuta ya chombo, na akishaharibika wanakwenda Pujini kutafuta mwengine wa kumkausha.

Bi Mwanapili sitamtukana. Ndiye peke yake aliyekuonea huruma, na huruma yake imekudhuru kuliko mzaha wa mwanawe. Mwambie kwa adabu, mavyaa, hata ngalawa hupakwa kwa nje, hakuna aliyewahi kuinywesha. Msellem huyo simhurumii. Anakaa nyuma ya meza ya dawa, kaingia mwanamke kijana, na hakumuuliza kama ana mimba wala anatumia kitu gani chengine. Mwenye kuuza ubuyu angeuliza zaidi.

Na wewe nawe. Una macho, una akili, barua yako inaonesha. Uliona kila ukizidisha unazidi kukauka, uliliandika kwa mkono wako, na bado ukataka kuongezewa, kwa sababu kicheko cha siku ile mbele ya majirani kilikuumiza kuliko kichwa. Nakuelewa. Lakini sikubaliani nawe.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi vuka uende hospitali Wete. Lile kopo na ile chupa uwe navyo mkononi, umuoneshe daktari, umwambie tangu lini na kiasi gani, bila ya kumstahi mtu. Omba kipimo cha mimba. Kichwa kikizidi usiku huu au macho yakaingia ukungu, usingoje hiyo asubuhi. Ikionekana mimba, kliniki watakupa vidonge vya kuongeza damu, vile umeze, usije ukavitupa kwa kunisikiliza mimi vibaya. Ini la kila mnyama liache mpaka ujifungue. Dawa ya chunusi, ya kumeza au ya kupaka, usiiguse bila ya daktari kujua hali yako, maana ziko zinazotengenezwa kutokana na vitamini hiyo hiyo. Akitokea mtu akakuletea mzizi wa kusafisha tumbo, mtoe nje.

Rudi kwenye chakula cha watu. Mchuzi wa nazi, vibua, dagaa, karanga, mchicha, boga, embe. Vitamini A iliyomo kwenye boga na mchicha usiiogope, mwili huigeuza kwa kadiri unavyohitaji. Sukari ipunguze. Singo liache, ngozi yako haina tena cha kusuguliwa. Ukitoka kuoga jipake mwili mafuta mazito ungali na majimaji, lakini usoni usipake ya nazi, huziba vitundu.

Kuvuka usisubiri mpaka Haitham apate nafasi. Msomee hapa. Haitham, uliwaambia majirani nyumbani umepewa ngozi ya papa. Ni ngozi ya mwanamke aliyekunywa mafuta ya chombo chako ili umtazame. Ngalawa hiyo imepakwa vizuri, haivuji. Mvushe.

Mwanangu, uso utatulia, au utabaki na chunusi zako chache za skuli, na hakuna aliyekufa kwa chunusi. Aliyemo tumboni, kama yumo, hana mwengine wa kumsemea. Ukirudi kutoka Wete niandikie, na safari hii barua uianze na yeye.

Bi Saada