Fyuzi za Mashine ya Mama Akinyi

Jumapili jioni, Suna

Fyuzi tatu! Nimeunguza tatu kabla sijapata akili ya kuweka balbu mahali pa fyuzi, iwake kali penye shoti badala ya fyuzi kuungua, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha wengine.

Mama Akinyi, mwenye hoteli ya samaki kule Mbita, alikuwa ameshaapa. Ile mashine yake ya zamani ya gemu ikikataa leo, anaigeuza nyumba ya kuku. Tangu niirekebishe vitufe mwezi uliopita, inaunguza fyuzi kila wachezaji wakichangamka.

Balbu ilikaa hafifu. Nikaipiga mashine ngumi, kama wanavyoipiga wao wakishindwa, na balbu ikawaka kali. Basi kuna shoti, na ni ya kitu kinachotembea. Nikachomoa umeme, nikaliinamisha kabati la mashine. Kitu kikabingirika ndani. Nikakivuta kwa sumaku.

Skrubu. Skrubu yangu mwenyewe, niliyoiangusha siku ile ya kurekebisha vitufe nikaona uvivu kuitafuta.

Nilitaka kuitia mfukoni kimyakimya, lakini Mama alikuwa nyuma yangu.

"Ni nini hiyo, fundi?"

"Ni yangu, Mama. Mimi ndiye niliyeiacha humo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe wewe ndiye wa kufungiwa humo na kuku!" Kisha akanikaangia samaki mzima, ngege, akamsimulia kila mteja aliyeingia. Kwa fyuzi mpya, mashine ikacheza mpaka naondoka, bila kuzima hata mara moja.

Nimerudi nyumbani nikitabasamu peke yangu. Ila sasa, nikivua viatu, nimekumbuka vizuri. Siku ile ziliniponyoka skrubu mbili.