Sohui na Sentensi ya Wapiga Mbizi

Shoga, Sohui wetu nusura azimie leo akitetea tasnifu yake!

Profesa Hyeon kamsomea sentensi yake mwenyewe: "Wanawake wapiga mbizi wa kisiwa cha Jeju huacha kazi kwa kuogopa bahari." Kamuuliza, "Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye makala niliyoitaja, Profesa. Nilibadilisha maneno tu, nisionekane nimenakili."

Maneno tu! Makala inasema HAWAOGOPI, wanaacha masikio yakishaharibika!

Profesa kamsogezea ile makala. Kisha: "Aliyehojiwa mle ni mama yangu. Haogopi bahari. Funika makala, uniambie anasema nini."

Sohui kajaribu, kakwama, kalia. Mbele ya wote, shoga!

Hajafukuzwa. Kapewa wiki mbili aiandike upya sura nzima. Sasa hivi kakaa kwenye ngazi, anaisoma ile makala tangu mwanzo.