Dawa Kabla ya Sato

Murangi, 14 Juni

Kaka yangu Bernado,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima hapo Kabasa, pamoja na wifi Hilda na binti yetu Jenoveva. Sisi huku hatujambo. Mihogo imekubali mwaka huu, na kuku wamenimalizia mchicha wote. Mimi ni mzima, ila mdomo wangu bado ni ule ule unaoujua.

Habari kubwa ni ya baba. Tafadhali usiikunje barua. Najua uliapa kutokanyaga hapa tangu sherehe ya komunyo ya kwanza ya Jenoveva, baba alipokuja kwako akipepesuka, akamwagia soda gauni la mama mkwe wako, nawe ukamtoa nje mbele ya wageni ukisema amerudia gongo. Huu ni mwaka wa pili. Nivumilie hadi mwisho.

Mwezi wa tatu vidole vyake vilishindwa kabisa kufunga fundo. Mtu aliyeshona nyavu za nusu ya Murangi! Nikampeleka Musoma. Daktari hakumtoa hata damu. Alimwambia agonganishe vidole, aandike jina lake, atembee hadi mlangoni na kurudi. Herufi za jina zilianza kubwa zikaishia kama sisimizi. Kisha daktari akasema ugonjwa huo unaitwa Parkinson. Alinieleza taratibu kwamba kuna sehemu ya ubongo inayotengeneza kitu cha kusaidia viungo kupokea amri, na kwa baba kitu hicho kinapungua. Ndiyo maana mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia, miguu inaburuzika, sauti inafifia, na uso hauchekagi tena. Nikamuuliza kama ni pombe iliyomfanya hivyo, akasema hapana. Akaongeza kwamba vidonge haviponyi, ila vinampa nafuu ya saa kadhaa, na ni lazima avimeze kwa saa zile zile bila kuviacha ghafla.

Sasa sikia ujinga wangu. Unajua tulivyolelewa, dawa kali hainywewi bila kitu kizito tumboni. Basi kila asubuhi nilimchemshia sato mzima, akimaliza nyama na supu ndipo nampa kidonge. Wiki tatu zikapita bila nafuu, nikaanza kumsema daktari kwa majirani. Tuliporudi kliniki akaniuliza baba anameza dawa na nini, nikamjibu kwa majivuno. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe nyama ya samaki inagombania njia na dawa hiyo mwilini! Siku hizi anameza na maji saa moja kamili, na sato anasubiri hadi saa mbili. Ikifika saa tatu anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anatembea hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kufanya mazoezi aliyoagizwa. Mchana anakuwa mzito tena mpaka kidonge kingine kifanye kazi.

Kaka, kilichonishikisha kalamu badala ya simu ni hiki. Kabla ya komunyo nilikuambia nimemwona baba kwa macho yangu akinywa gongo kilabuni kwa Makoye. Sikumwona. Nilimwona anayumba tu. Nilikuwa nimechoka kumhudumia peke yangu, nikajua ukisikia pombe utakuja mbio. Hukuja, ukangoja aje yeye, ukamfukuza. Na mimi nikanyamaza miaka miwili. Tangu alipoapa kanisani baada ya kumzika mama, baba hajaonja hata tone. Naona aibu, kaka, na aibu hii ni yangu, siyo yako.

Juzi nilimwambia baba ukweli wote. Uso wake haukubadilika, nikaogopa, nikamuuliza kama amekasirika. Akasema alikuwaga anajiuliza ni nani alikuambia, maana wewe huwezi kumtoa nje bure. Akaniagiza nikuandikie uje na Jenoveva asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, dawa ikiwa imekolea.

Nisalimie wifi, na mama mkwe wako umwambie lile gauni halikumwagiwa na mlevi. Ukinikasirikia una haki, lakini njoo kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia

Nilisahau: baba amenunua chupa moja ya soda ya machungwa, ameiweka kabatini. Anasema atammiminia Jenoveva mwenyewe.