Vietnam, Chumba cha Kati

Jumatano, 12 Machi 2025

Msimamizi wangu, Dk. Melkiori, kapiga simu: Jumatatu ya tarehe 24 natetea tasnifu! Mtandaoni, mbele ya watahini. Nimeruka hadi kitanda kikalia. Miaka yote hii mchana nafundisha historia, jioni nasoma mkakati wa ulinzi wa Vietnam – mimi, mtoto wa Itigi! Hoja yangu nyepesi: nchi ndogo iliyobanwa na wakubwa inaweza kuishi vizuri bila kuchagua upande. Hapana Nne za Vietnam nazijua kama Baba Yetu. Hawajiungi na muungano wa kijeshi. Hawashiriki na nchi moja kuipinga nyingine. Hawampi mgeni kambi. Hawatumii nguvu wala vitisho.

Nahitaji utulivu tu hadi siku hiyo. Hapo ndipo kazi ilipo. Nyumba hii ninayopanga ina China na Marekani.

Ijumaa, 14 Machi

China ni Mama Mwantum, mjane mkubwa. Marekani ni Mama Radhia, mjane mdogo. Marehemu mume wao aliwaachia nyumba moja, ua mmoja, bomba moja. Hawasemeshani tangu arobaini yake. Mmoja anapika kulia, mwingine kushoto, chumba changu katikati. Alphonce, mpangaji aliyenitangulia, alinogewa na mapishi ya Mama Radhia akaacha kula kwa mwenzake. Hakumaliza mwezi. Masufuria yake yalitangulia barabarani, yeye akafuata.

Mimi nafuata Vietnam. Shikamoo kulia, shikamoo kushoto. Ramadhani hii zinakuja sahani mbili kila jioni: ugali wa uwele na mlenda kutoka kulia, tambi za nazi kutoka kushoto. Mkristo mimi, sifungi, lakini nafuturu mara mbili! Sketi ya kazini imegoma.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani, nakuta mafiga ya Mama Mwantum yamesogea tena. Kila wiki kidogo tu – leo yamevuka kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo ile ile Bahari ya Kusini ya China! Leo unamwaga mchanga juu ya mwamba, kesho pana kisiwa, keshokutwa kiwanja cha ndege. Na hakuna hatua hata moja kubwa kiasi cha kuanzishia vita. Mama Radhia naye hakupiga kelele. Kaanika mashuka yake mapana juu kabisa ya mafiga, kama manowari inayopita kuonyesha kwamba njia ni ya wote. Nimecheka peke yangu chumbani.

Kicheko kikaisha. Mama Mwantum kaniita: mwalimu umesoma, mwambie huyo kamba ni ya mkubwa. Baadaye Mama Radhia: twende kwa mjumbe, ukashuhudie mafiga yanatembea. Nikawajibu kila mmoja kwa wakati wake – mama, mimi mpangaji tu, nyote ni mama zangu. Hapana ya pili hiyo! Wamenikunjia uso, tena kwa usawa. Nikajipongeza.

Jumatano, 19 Machi

Zoezi na Dk. Melkiori. Slaidi kazisifu sana. Halafu kauliza swali moja: hiyo nchi yako ndogo inabembelezwa kwa sababu wakubwa wanagombana. Je, siku wakipatana? Nikasema haiwezi kutokea. Kacheka – eti watahini hawalishwi "haiwezi kutokea". Umeme ukakatika. Asante, umeme!

Ijumaa, 21 Machi

Jioni hakuna sahani. Si kulia, si kushoto. Nimekaanga mayai.

Jumamosi, 22 Machi

Mafiga yamerudi nyuma! Mashuka yameanuliwa! Nimesimama dirishani na slaidi mkononi, sielewi.

Halafu kicheko. Wako jikoni kwa Mama Mwantum, mkeka mmoja, wanamenya magimbi. Na wanazungumza! Machozi yamenitoka, kweli kabisa – nimewapenda wote wawili muda wote huu. Nikatega sikio.

"Kumbe na wewe alikuambia nyote ni mama zangu?" – Mama Radhia.

"Neno kwa neno! Na mlenda wangu anasifia."

"Na tambi zangu je!"

Wakacheka tena. Kisha minong'ono. Kisha nyayo, jozi mbili, zinakuja katikati.

Hodi. Mama Mwantum kasema: "Mwalimu Yustina, fungua mwanangu. Tumekaa, tumekubaliana juu yako." Mwenzake anacheka kwa chini. Kicheko cha heri, au cha kunitoa kama Alphonce? Kutoka humu ndani hakitambuliki.

Nimesema navaa. Laptop iko wazi, nimeandika kichwa kipya cha sura ya mwisho: Wakubwa Wakipatana. Chini yake sina neno hata moja, na Jumatatu ndiyo keshokutwa.

Hodi ya pili – safari hii wamegonga pamoja. Naenda. Masufuria nimeyaingiza kwenye kapu kwanza. Ulinzi tu.